Vishindo vya Beti ya Tatu

Wiki mbili baada ya kuzikwa Bi Zuwena, mwanawe Nassor alinipigia simu kutoka Maskati akaniomba niende Kiponda nikaifungue sabufa ya mama yake. Nyumba ilikuwa inarudi kwa wenyewe, na hakutaka mtu mwingine aiguse sabufa hiyo. Nilikwenda na bisibisi yangu na shuka kuukuu la kuifungia. Sebule ilikuwa imeshatolewa kila kitu isipokuwa mkeka mmoja, kile kiti chake cha mbao chenye mto wa kijani, na mitambo yenyewe: amplifaya, deki ya kanda, spika mbili ndogo, na sabufa nyeusi pale pale nilipoiweka mimi, kati ya dirisha na mlango wa jikoni, nusu hatua kutoka ukutani. Nilikaa juu ya mkeka kabla sijalegeza skrubu hata moja. Sasa nimekaribia umri aliokuwa nao yeye siku aliyonifungulia mlango, na bado nikikumbuka yaliyotokea mle ndani mwili hunisisimka kama mtu aliyeshika waya wa moto.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilikuwa mwanamke pekee katika duka la Fundi Seif, Mchangani, tulikokuwa tukitengeneza redio. Wateja waliingia wakanikuta nimeshika pasi ya kulehemu, moshi unanipanda puani, wakaniuliza fundi yuko wapi. Nilijifunza kutokasirika. Nilijifunza pia kueleza mambo polepole, kwa sababu mtu ambaye hakuamini kwa sura anaweza kukuamini ukimfahamisha kitu chake mwenyewe mpaka akakielewa. Bi Zuwena alipomletea Fundi Seif malalamiko kwamba mitambo aliyotumiwa na mwanawe inamvunjia nyumba, na kwamba hataki mwanamume wa kando aingie sebuleni kwake, kazi ikawa yangu.

"Hodi!"

"Karibu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba." Alinitazama kuanzia viatu mpaka ushungi. "Wewe? Na vidole hivyo kama vya kupaka hina? Haya, panda. Ukiniharibia, n'tamwambia Seif akuoe, mkaharibiane huko huko."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mpana wa mabega, mwenye kicheko kinachomtangulia chumbani. Taarabu ndiyo ilikuwa maisha yake. Hakuna harusi ya mji mzima aliyokosa kualikwa, na popote alipoalikwa alikaa mstari wa mbele kabisa, miguuni mwa wapigaji. Nyumbani, alisema, muziki ule ule ulikuwa mwembamba kama maji ya dawa. Fidla anaisikia, mwimbaji anamsikia, lakini besi, lile fidla kubwa linalosimamishwa chini na kudundwa kwa vidole, halimo. Mwanawe akamtumia sabufa. Jirani mmoja aliyejidai kujua aliibandika pembeni kabisa mwa chumba, akazungusha vitufe vyote mpaka mwisho, na tangu siku hiyo ikawa kama lori limeegeshwa chini ya kitanda. Jirani wa chini alikuwa akigonga dari kwa mpini wa fagio. Chokaa kilidondoka kutoka kati ya boriti kikaingia kwenye sufuria ya pilau.

"Nataka niisikie kama ninavyoisikia nikiwa nimekaa mbele yao," aliniambia. "Sitaki kelele mie. Kelele n'nazo uchochoroni."

Nilimweleza kama nilivyoelezwa dukani, na kama ninavyowaeleza leo vijana wanaokuja kujifunza kwangu. Spika ndogo haina kifua cha kutoa sauti nene, hivyo sabufa inachukua zile za chini na spika zinabaki na za juu. Ugumu uko mpakani. Ukiiruhusu sabufa ipande juu mno, mwimbaji anakuwa kama ana mafua. Ukiishusha mno, linabaki pengo, na noti kadhaa za besi zinatumbukia humo zisionekane. Nyuma ya sabufa kuna swichi ndogo ya pande mbili: upande mmoja sabufa inasukuma hewa pamoja na spika, upande wa pili inavuta wakati spika zinasukuma, nazo zinauana. Watu wengi hawaigusi swichi hiyo mpaka wanakufa. Halafu kuna pahala pa kuiweka, na hapo ndipo Bi Zuwena aliponiona nimerukwa na akili, maana niliinyanyua sabufa nikaiweka juu ya kiti chake, kwenye mto wa kijani, nikapiga kanda, nikaanza kutambaa sakafuni kwa magoti na viganja.

"Umepoteza sindano?"

"Natafuta besi, Bi. Sauti nene hujaa pahala pengine chumbani na pengine hukauka. Badala ya kuihamisha hiyo mara ishirini, naiweka unapokaa wewe, halafu natafuta mimi. Pale nitakapoisikia imetulia, ndipo patakapokuwa pake."

Alinitazama nikizunguka chini ya madirisha kama mtoto wa miezi minane. Kisha akakaza kanga yake kifuani, akapiga magoti. "Kiti changu, masikio yangu," alisema, akatambaa kunifuata, tukakutana pua kwa pua karibu na mlango wa jikoni, pale ambapo besi ilikuwa laini na sawa. Alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo tulikula mkate wa kumimina na chai ya mdalasini, na akanikataza kuondoka mpaka nimalize kipande cha tatu.

Kazi ilichukua siku tatu, kwa sababu asubuhi nilikuwa dukani na kwake nilikwenda mchana. Siku ya pili nilikuwa nimelala chini nikifunga waya ukutani niliposikia jirani akimsemesha dirishani kutoka nyumba ya pili, nyumba zenyewe zikiwa zimekaribiana kiasi cha kupokezana chumvi.

"Bi Zuwena! Dadako kaanguka tena huko Mwanakwerekwe, unazo habari?"

"Sina dada mie."

"Haya, huyo usiyekuwa naye kaanguka."

"Nshakwambia. Chukua bakuli lako."

Wakati wa kula, ndizi mbichi za nazi na changu wa kukaanga, alijieleza bila ya kuulizwa. Alikuwa na dada mmoja, Mwanakheri, aliyemzidi miaka sita, na hapakuwa na mwengine. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka kumi na mitano. Ilianzia kwenye harusi ya mtoto wa jirani, katika ukumbi wa juu wa nyumba moja kubwa, wakati Bi Zuwena ana mwezi mmoja tu tangu kuachwa na mumewe, na mji mzima unajua. Mwimbaji aliimba wimbo uliokuwa na beti kwa kila namna ya mwanamke: beti ya kwanza ya mkwe, ya pili ya jirani, ya tatu ya ndugu asiyekutupa siku ya shida, na ya nne ya mwanamke aliyeachwa kwa sababu ya ulimi wake, beti ya kejeli kweli kweli. Na katika taarabu, kwa msomaji asiyejua, mtu akiguswa na maneno hunyanyuka akaenda kumtunza mwimbaji, noti ya pesa mkononi juu, ukumbi mzima ukimtazama. Beti aliyoitunza ndiyo kauli yake. Hana haja ya kufungua mdomo.

"Nilikuwa nimekaa mbele," alisema. "Beti ya nne imeanza, wanawake wananitupia macho, najikaza. Nanyanyua uso, namwona nani? Dada yangu. Kasimama mbele ya mwimbaji, mkono juu, anamtunza. Kwa beti ile. Kwa macho yangu haya mawili, Raya. Sikuambiwa na mtu."

Nilimwomba anipe samaki mwengine.

Siku ya tatu nilihitaji kanda iliyorekodiwa ukumbini, yenye besi ya kweli, ili niupime ule mpaka. Zile za dukani zilikuwa zimekwaruzika. Alifungua mtoto wa meza akasitasita, akanipa kanda isiyo na jina. Ilikuwa ya harusi ile ile. Mama wa bibi harusi aliwagawia wageni, na yeye hakuwahi kuipiga hata mara moja, ila besi ya siku ile, alisema, ilipigwa na mtu aliyekuwa hana mfano. "Piga beti mbili za mwanzo. Ya tatu ikianza, zima. Umesikia?"

"Naam, Bi."

Aliingia jikoni kukuna nazi. Nikapiga. Besi ilitoka pale sakafuni, ya duara, ya moto, na mara ya kwanza sikuweza kusema inatoka wapi, ikawa tu imo chumbani. Fundi Seif alikuwa akituambia kwamba ukiisikia sabufa hujamaliza. Ukiizima ukaona nyumba imekuwa tupu, hapo umemaliza. Niliizima, nyumba ikawa tupu. Nikaiwasha tena nikiwa natabasamu peke yangu. Ndipo nilipousikia ubovu. Chini ya besi, chini kabisa, kulikuwa na vishindo. Du. Du-du. Havikufuata mdundo. Vilikuja kwa mafungu, vikaacha, vikaja tena. Nilidhani waya umelegea. Nikakaza. Nilidhani boriti inatikisika. Nikaweka kiganja ukutani, ukuta umetulia. Nikarudisha kanda nyuma, na vishindo vikarudi pahala pale pale, jambo lililonionyesha kwamba vimo ndani ya kanda yenyewe. Spika ndogo zisingeweza kuvitoa kwa sababu hazina uwezo wa kushuka huko. Maikrofoni ilikuwa imesimamishwa kwenye sakafu ya mbao, na sakafu ilikuwa imeiambia kila kitu. Vilikuwa vishindo vya miguu ya watu wanaokwenda kutunza.

Nilifurahi kama fundi anavyofurahi akishapata sababu, nikapeleka mkono kwenye kitufe nivikate, na katika kufurahi kwangu nikasahau kuzima. Beti ya tatu ikaanza.

"Raya! Nilikwambia nini?" Alitokea mlangoni, kifuu cha nazi mkononi, maji meupe yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Nilikwambia nini, we mtoto?"

"Samahani Bi, kuna vishindo nilikuwa..."

"Nyamaza."

Sikujua kwamba hakuniambia mimi kwa hasira. Alikuwa ameinamisha kichwa upande. Chini ya wimbo, mtu mmoja tu alikuwa akitembea. Kishindo kizito, kisha kimya, kisha chepesi kinachochelewa. Kizito, kimya, chepesi. Vilianzia mbali, vikaongezeka kidogo kidogo.

"Usiipunguze," alisema. "Rudisha nyuma. Rudisha mpaka ndugu."

Nikarudisha. Mwimbaji akalitoa neno la kwanza la beti ya tatu, na halijaisha, kishindo cha kwanza kikasikika huko nyuma ya ukumbi. Kizito, kimya, chepesi. Bi Zuwena alikuwa akihesabu kwa midomo.

"Mwanakheri mguu wake wa kushoto ni mfupi," alisema. "Tangu utotoni. Alikaa nyuma kabisa, karibu na ngazi."

Tulisikiliza tumesimama. Beti ya tatu ni fupi. Vishindo vilikuja vikaja, na vilipokuwa bado viko njiani beti ikaisha, fidla zikajibu, na ya nne ikaanza. Vishindo viwili zaidi, vikasimama. Ndipo alipofika. Ndipo Bi Zuwena aliponyanyua uso akamwona. Katika beti nzima ya nne hakuna mtu mwengine aliyepiga hatua.

"Yarabi," alisema. "Yarabi, Yarabi."

Nilitaka kuzima, lakini kanda ilikuwa inaendelea, na vishindo vipya vikaanza, karibu sana na maikrofoni, vizito, vya haraka, kama mtu anayekanyaga moto. "Hivyo vyangu," alisema Bi Zuwena kwa sauti ndogo. "Nnaondoka." Vilipita, vikafifia. Na nyuma yake, mimi na yeye tukasikia kwa pamoja, kizito, kimya, chepesi, kizito, chepesi, kizito-chepesi, mtu mwenye mguu mfupi anajaribu kukimbia. Vilikwenda mpaka kama katikati ya ukumbi. Vikasimama. Wimbo ukaendelea na wanawake wakapiga vigelegele.

Kifuu kilimdondoka. Alikaa sakafuni palepale, si kwenye kiti, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto. Nami nilikuwa nimeganda na mkono wangu kwenye kitufe. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimeoanisha sabufa katika mahoteli na majumba ya watu wakubwa, na sijawahi tena kuuona mtambo ukimpiga mtu namna ile. Nilikuwa kijana, na lazima nikiri kwamba chini ya mshtuko wangu kulikuwa na majivuno. Nilijiona nimeumaliza ugomvi wa miaka kumi na mitano kwa bisibisi.

Hakungoja hata kuondoa tui mikononi. Alivaa buibui, akanivuta, tukapanda teksi mpaka Mwanakwerekwe. Nyumba ya Bi Mwanakheri ilikuwa nyuma ya soko, ya matofali, na mwenyewe alikuwa barazani akichambua mchele kwenye ungo, kichwa kimefungwa kitambaa pale alipojigonga. Alikuwa mwembamba, mtulivu, hana hata chembe ya ule upana wa mdogo wake.

"Shikamoo, dada," alisema Bi Zuwena.

"Marahaba." Hakunyanyua macho.

"Nimekuja kukwambia nimekusikia."

"Umenisikia wapi? Sijasema kitu."

Bi Zuwena alianza kueleza, akachanganyikiwa, akanigeukia. "Mwambie, fundi." Basi nilieleza mimi, polepole, jinsi sakafu ilivyoipa maikrofoni vishindo, jinsi spika ndogo zinavyovificha, jinsi sabufa ilivyovitoa. Bi Mwanakheri alinisikiliza kwa adabu kubwa, akitoa kijiwe kimoja kimoja.

"Kwa hiyo sanduku hilo linajua nilianza kutembea beti ipi."

"Ndiyo, Bi."

"Hata mie najua." Sasa alinyanyua macho, akamtazama mdogo wake. "Umemwambia huyu mtoto kwamba nilikuja? Siku ya tatu baada ya harusi ile. Nilipanda ngazi zako zile na mguu huu, nikakwambia kwenye ufa wa mlango, maana hukunifungulia. Nikasema, Zuwena, nilinyanyukia beti ya ndugu, mguu ndio ulionichelewesha. Ukasema nini?"

Bi Zuwena aliitazama mikono yake yenye tui.

"Sema. Fundi asikie."

"Nilisema mwongo wewe."

Hakuwa ameniambia. Siku tatu nilikula chakula chake, na tangu nilipovisikia vishindo nilidhani ni mwanamke aliyekosa habari, na kumbe habari alipelekewa mlangoni, neno kwa neno, na mwenye mguu mwenyewe. Majivuno yangu yote yaliniishia pale kwenye baraza. Sabufa haikuwa imesema kitu kipya hata kimoja.

"Mdomo wangu hukuuamini," Bi Mwanakheri alisema bila ya kupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Umekuja kuamini sanduku. Na lau sanduku lisingekwambia?"

Nilimwomba Mungu Bi Zuwena aseme uongo. Kulikuwa na majibu mengi mazuri: kwamba alikuwa akimfikiria kila siku, kwamba alishaazimia kuja baada ya Ramadhani. Nilimwona anayatafuta, nikamwona anayaacha.

"Nisingekuja," alisema.

Huko sokoni mtu alikuwa akinadi muhogo. Bi Mwanakheri alibaki na kidole chake kwenye mchele. Kisha akauweka ungo chini kando yake, akajifuta vumbi la wishwa mikononi.

"Haya," alisema. "Hilo angalau ni kweli." Akanigeukia mimi. "We fundi, jikoni kuna wali na mchuzi wa dagaa. Pakua kwenye sinia, watu watatu. Na wewe Zuwena, nenda kanawe mikono, imejaa tui."

Bi Zuwena alinyanyuka akaingia ndani. Nilimfuata. Alisimama katikati ya ukumbi mdogo ule, ametanua vidole vyake, anageuka huku na huku, hajui maji yalipo katika nyumba ya dada yake. Hatukuthubutu kuuliza. Sauti ilitoka barazani:

"Nyuma ya mlango. Kata iko juu ya mtungi."